Haro, Reki au Boriti ya Kuburuza: Zana Ipi kwa Ardhi ya Buswelu?

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Agosti, viwanja vya Nane Nane vya Nyamhongolo hupangwa matrekta yaliyooshwa yakang'aa, na nyuma ya kila moja kimefungwa chuma cha aina yake. Kwa mtu wa Buswelu maonyesho hayo ni jirani kabisa. Asubuhi huenda na swali moja: zana gani anunue au akodi ili shamba lililokwisha kulimwa lilainike na kusawazika? Jioni hurudi na majibu matano yasiyopatana. Muuzaji mmoja humwambia kwamba haro ya diski inatosha kila kitu. Wa pili humsifia rotaveta, kwamba inalima na kulainisha kwa mpigo mmoja. Wa tatu ana reki ya meno marefu ambayo, kwa maelezo yake, huondoa mawe, magugu na mizizi. Dereva wa trekta la kukodi kule mtaani naye ana lake: haro ni haro, lipa tupige mara mbili. Na fundi wa kuchomelea kule Nyakato anaona zote hizo ni gharama za bure. Mletee vipande vya reli, atakuundia kitu cha kuburuza.

Mkanganyiko huu hautokani na ujinga wa mkulima. Kila mmoja wa hao watano anasema kweli kuhusu udongo fulani na kazi fulani, ila hataji udongo huo wala kazi hiyo. Na Buswelu ni mahali ambapo udongo hubadilika ndani ya hatua mia chache, na kazi hubadilika ndani ya siku moja.

Kutoka mlimani hadi mbugani

Buswelu ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyotengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012. Hapa ndipo mji unapoingia shambani. Kuna vilima vya mawe ya granaiti, viwanja vilivyopimwa, nyumba ambazo hazijaezekwa, na katikati yake mahindi, mihogo, viazi vitamu na bustani za mboga. Trekta linaweza kupiga haro heka mbili za mahindi asubuhi, mchana likasawazisha kifusi kwenye saiti ya ujenzi, na mwisho wa wiki likaelekea Magu, Misungwi au Kwimba kwenye mashamba ya pamba na mpunga.

Wasukuma waliipa majina ardhi hii kwa mpangilio wake zamani kabla ya maabara yoyote. Juu, karibu na mawe, kuna luseni: kichanga chepesi kilichotokana na granaiti iliyomomonyoka, rahisi kulima, kisichoshika maji wala mbolea kwa muda mrefu. Chini kidogo ya mteremko huanza itogolo, udongo wenye tabaka gumu karibu na uso, ambao maji huukatalia na jembe huuogopa. Bondeni kabisa kuna mbuga, mfinyanzi mweusi unaonata kama ulimbo wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani mkoani Tanga katika miaka ya 1930, ndiye aliyeipa sayansi dhana ya mfuatano wa aina hii, kutoka kilele hadi bonde, akiwa amejifunza kwenye ardhi ya Afrika Mashariki.

Mvua nayo ina utaratibu wake. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei, na mvua nyingi huja kwa kishindo: saa moja ya maji mengi, kisha jua kali. Kichanga kilichosagwa kikawa unga hupigwa na matone hayo, chembe zake hujipanga na kufunga uso. Jua likitoka, uso huo hukauka ukawa ukoko. Mche wa pamba ambao ungetoka siku ya tano hubaki umejikunja chini ya ukoko huo. Shamba lililoonekana zuri kuliko yote siku ya kupanda linaweza kuwa ndilo lenye mapengo mengi wiki mbili baadaye.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wauzaji hawalisemi. Kulainisha kuna kikomo, na kikomo hicho si kimoja kwa udongo wote.

Waliotangulia na yaliyowapata

Tanzania ina mfano mkubwa wa zana zilizoletwa kabla udongo haujafahamika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilishinda vyuma vilivyoletwa kuing'oa. Kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kupindukia, na mchanga wake mkali ukala majembe na haro kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Januari 1951 mpango ukafutwa. Fedha zilikuwepo na wahandisi walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchimba shimo na kuutazama udongo kabla ya kuagiza chuma.

Kusini mwa Ziwa Victoria historia ilikwenda kwa njia nyingine. Plau ya ng'ombe imezoeleka Usukuma kwa vizazi, lakini haikufuatwa na haro. Ilifuatwa na matuta. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, kilichoanza kazi ya pamba katika miaka ya 1930, kilitilia mkazo matuta yaliyofungwa, yaani matuta yenye vizuizi vidogo katikati ya mifereji ili maji ya mvua yasimame pale yalipoangukia. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947 ukayafanya matuta hayo kuwa amri, na watu wakachukia, kwa sababu kazi yake kwa jembe la mkono ni ngumu na amri ilikuwa ya mkoloni. Chuki hiyo ilikuwa na haki yake. Hata hivyo, hoja ya kitaalamu iliyokuwa nyuma ya amri haikuwa ya uongo: kwenye luseni iliyoinama, shamba tambarare na laini hupoteza maji.

Marekani nayo ililipa gharama hiyo. Katika nyanda zake za kati, jembe la diski lililokuwa maarufu miaka ya 1920 lilivunja udongo ukawa vumbi na kuacha uso bila mabua ya kuukinga. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, upepo ukaubeba. Zana yenyewe haikuleta ukame, lakini ilikuwa imekwisha kuuvua udongo nguo.

Haro ya diski

Haro ya diski inastahili sifa zake nyingi. Sahani za chuma zilizopangwa kwenye shafti hukata bonge, hukata nyasi na mabua, na zikikutana na jiwe hupanda juu yake zikaendelea. Sifa hiyo ya mwisho ina thamani kubwa Buswelu, ambako granaiti hutokeza palepale usipoitarajia. Hakuna zana nyingine ya trekta inayovumilia shamba lenye uchafu kwa kiwango hicho.

Aina ni mbili kuu. Ya kwanza ina mafungu manne yaliyopangwa kwa umbo la herufi X: ya mbele hutupa udongo nje, ya nyuma huurudisha ndani, na shamba hubaki sawa. Ya pili ina mafungu mawili yaliyofunguka upande mmoja, la mbele likitupa kulia na la nyuma kushoto. Hii huzama zaidi na huwa nzito. Diski zenye mapengo pembeni zikikaa mbele hukata mabua, na zile za mviringo kamili zikikaa nyuma hulainisha. Dereva anayejua kazi hubadilisha pembe ya mafungu: ikipanuka haro huzama, ikipunguzwa hupita juu juu.

Mnunuzi huulizwa anataka diski ngapi. Swali la maana zaidi ni uzito uliopo juu ya kila diski, kwa sababu haro haisukumwi ardhini na trekta. Huzama kwa uzito wake. Haro ya diski 20 yenye kilo 600 inaweka kilo 30 juu ya kila diski, na hiyo inatosha luseni iliyokwisha kulimwa. Ongeza diski hadi 24 kwa uzito uleule, kila moja inabaki na kilo 25. Upana umeongezeka, bei imeongezeka, lakini kwenye itogolo zana hiyo itakwaruza tu. Ndiyo maana mkulima aliyenunua "kubwa zaidi" huonekana akifunga magogo au mifuko ya mchanga juu ya haro mpya.

Udhaifu wake uko sehemu tatu. Kwanza, ikipita msimu baada ya msimu kwa kina kilekile, sentimita 10 hadi 15, ukingo wa diski hukandamiza udongo ulio chini yake na kujenga tabaka gumu. Arusha na Manyara, katika wilaya kama Karatu na Babati, tatizo hilo lilijulikana vizuri kuanzia miaka ya 1990, na likalazimu kuingiza ripa za kupasua chini. Pili, kwenye shamba lenye ndago au sangari haro hukata mizizi vipande vipande, na kila kipande chenye jicho huchipua. Mkulima hudhani ameua magugu, kumbe ameyapanda. Tatu, watu huitumia kulima ardhi ambayo haijaguswa ili kukwepa bei ya plau. Kwenye kichanga hilo linaweza kupita. Kwenye mbuga iliyokauka ni kuharibu beringi.

Zana za meno

Upande wa pili wapo wanaotetea meno. Haro ya meno ya springi ina vyuma vilivyopinda vinavyotetemeka vikivutwa. Mtetemo huo hupasua bonge bila kuligeuza, na huivuta mizizi ya sangari hadi juu ikiwa mizima, jua likaikausha. Kwa magugu ya aina hiyo hakuna diski inayoifikia. Pia haijengi tabaka gumu kama diski, na huvutwa kwa nguvu ndogo zaidi.

Lakini meno hukusanya. Mabua ya mahindi na miti ya pamba hujisokota ndani yake, na baada ya mita 50 dereva anaburuza kichaka. Kwenye pamba kanuni inasaidia kidogo, kwa kuwa wakulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo Septemba 15 ili kuvunja mzunguko wa wadudu. Shamba lililosafishwa kweli linaweza kupokea meno. Shamba la mahindi ambalo mabua yameachwa yafunike udongo haliwezi. Kwenye mawe makubwa springi hujikunja na kurudi, jambo ambalo jino lililochomelewa haliwezi, lenyewe hukatika.

Reki ya trekta ni ndugu wa mbali wa zana hizo, na hapo ndipo uchanganyaji wa mambo ulipozidi. Meno yake marefu na yenye kunesa hupita juu ya ardhi iliyokwisha kulegezwa, yakikusanya kokoto, vipande vya matofali, mizizi na takataka kwenye mstari, na pembe yake ikigeuzwa mstari huo huenda kando. Kwa kiwanja cha ujenzi, uwanja wa mpira wa shule au eneo la kupanda nyasi, inafanya vizuri kazi ambayo vibarua kumi wangeifanya siku nzima. Kwa shamba la mahindi ni zana ya makosa. Haipasui bonge. Huondoa masalia ambayo yangekinga udongo, na pamoja na kokoto hubeba udongo wa juu wenye rutuba na kuurundika mpakani. Kwenye luseni, ambako rutuba yenyewe ni ya kubembeleza, hasara hiyo huonekana msimu uleule.

Wamiliki wa viwanja vya ufukweni wanapaswa kukumbuka jambo jingine kabla ya kukodi reki au zana yoyote: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Udongo uliolegezwa pale huishia majini kwa mvua moja.

Rotaveta na ahadi ya mpigo mmoja

Rotaveta hupata nguvu yake kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungushwa mizunguko 540 kwa dakika, na visu vyake vyenye umbo la L huusaga udongo hadi unalainika kabisa. Picha yake ndiyo inayouza: mbele nyasi, nyuma kitanda cha bustani.

Mahali pake halisi katika Kanda ya Ziwa ni majaruba. Mpunga unahitaji udongo uvurugwe pamoja na maji mpaka uwe tope laini lisilovujisha, na hapo visu vya rotaveta au vya pawatila, lile trekta dogo la kuendeshwa kwa mikono, havina mpinzani. Bustani ya mboga yenye kumwagiliwa nayo huifaidi. Nje ya hapo hesabu hubadilika. Chukua haro yenye upana wa mita 2 ikienda kilomita 7 kwa saa. Ukiondoa robo ya muda kwa kugeuza na kusimama, inamaliza takriban heka mbili na nusu kwa saa. Rotaveta ya mita 1.5 ikienda kilomita 3 kwa saa, ukiiondolea robo hiyohiyo ya muda, haifiki heka moja. Dizeli inaungua muda wote huo, na visu vinaliwa na mchanga uleule wa granaiti. Jiwe moja la ukubwa wa kichwa cha mtu hupinda kisu. Likiwa kubwa zaidi, hasara hufika kwenye giaboksi.

Taifa lilikwisha kuliona jambo hili kwa kiwango kikubwa. Chini ya Kilimo Kwanza, kuanzia 2009, pawatila zilisambazwa wilaya nyingi. Kwenye skimu za umwagiliaji zilipata kazi. Kwenye wilaya za kilimo cha mvua zenye udongo mgumu, nyingi ziliishia kuvuta tela za kubeba mizigo au kuegeshwa. Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imepelekwa ugenini.

Boriti, reli na minyororo

Njia ya fundi wa Nyakato hudharauliwa kwa sababu haina rangi ya kiwandani. Inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo inayoziba pengo ambalo haro huacha.

Muundo wake ni rahisi. Vipande viwili vya reli au chaneli, kila kimoja mita 2 hivi, hulazwa sambamba umbali wa kama nusu mita, vikaunganishwa kwa engo mbili au tatu. Mnyororo hufungwa pembe zote mbili za mbele, upande mmoja ukiachwa mrefu kidogo ili zana iende mshazari. Reli ya mbele hukata vichwa vya matuta na bonge. Udongo uliokatwa husogea mbele yake, hudondoka kwenye mashimo, na reli ya nyuma huukandamiza kidogo. Ukandamizaji huo mwepesi ni faida kwa mbegu ndogo, kwa kuwa udongo hugusana na mbegu na unyevu hupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1890 mkulima wa Missouri, D. Ward King, alitengeneza barabara za udongo kwa gogo lililopasuliwa vipande viwili na kuvutwa na farasi baada ya mvua, kwa kanuni hiyohiyo. Zana yake ikaenea Marekani nzima bila kiwanda.

Kwa barabara ya mtaa yenye moramu, kwa uwanja wa shule, kwa kiwanja kilichomwagiwa kifusi, boriti hufanya sehemu kubwa ya kazi ya reki isipokuwa kuokota mawe. Kwa shamba lililopigwa haro, husawazisha mistari iliyoachwa na diski. Hilo limekuwa muhimu zaidi tangu wakulima wa pamba wahimizwe kuacha nafasi ya zamani ya sentimita 90 kwa 40 na kupanda kwa 60 kwa 30: kamba ya kupandia hukaa vizuri mahali palipo sawa. Wavu wa minyororo ni mwepesi zaidi, na kazi yake bora ni kwenye malisho, ambako husambaza vinyesi vya ng'ombe vilivyokauka.

Isiombwe lisilowezekana, hata hivyo. Boriti haikati magugu, haizami, na kwenye mbuga mbichi hugeuka kuwa sahani ya kubebea tope. Ikiburuzwa mara nyingi juu ya luseni kavu, hutengeneza uso laini ambao maji hupita juu yake kama juu ya bati.

Trekta lenyewe lina neno

Matrekta mengi yanayofanya kazi ya kukodishwa mkoani yana nguvu farasi kati ya 50 na 85. Massey Ferguson 240 iko karibu na 50, 375 iko karibu na 75, na 385 iko karibu na 85. Trekta la nguvu 75 huimudu haro ya kubeba ya diski 18 hadi 20 zenye kipenyo cha inchi 22 au 24. La nguvu 50 linatosheka na diski 14 hadi 16. Hizo ni nambari za kuanzia tu. Mteremko hupunguza, na tairi zilizoisha hupunguza zaidi.

Uamuzi wa kubeba au kukokota una uzito wake. Haro ya kubeba hunyanyuliwa kwa haidroliki, hugeuka kirahisi kwenye vishamba vya robo heka, na hupita barabarani bila kuharibu lami. Lakini kwenye kilima cha Buswelu, kilo 600 au 700 zikining'inia nyuma huinyanyua pua ya trekta, usukani ukawa mwepesi, na hapo ndipo ajali hutokea. Bila vyuma vya uzito mbele, dereva asipande. Haro ya kukokota ni nzito, huzama vizuri kwenye mbuga na itogolo, na haisumbui haidroliki. Inahitaji shamba pana na kichwa cha shamba chenye nafasi ya kugeuza. Mashamba ya Kwimba yanaweza kutoa nafasi hiyo. Ya Buswelu, yaliyobanwa na kuta na misingi ya nyumba, hayawezi.

Wakati wa kuingia shambani una maana kuliko chapa ya zana. Kwenye mbuga, siku za kufaa ni chache kati ya tope na jiwe. Kipimo chake hakina gharama: chimba sentimita 10, chukua udongo wa kujaza kiganja, uuviringishe. Ukitoa uzi kama wa kufumia, ni mbichi mno, na haro itaubamiza. Ukigoma kabisa kuvunjika kwa vidole, ni mkavu mno. Ukimeguka vipande vipande, ingia siku hiyohiyo.

Mizani

Zana zote zikiwekwa pamoja, mvutano wa kweli uko kati ya wepesi wa kupanda na uwezo wa udongo kushika maji. Mkodishaji hulipwa kwa heka na kwa idadi ya mipito, kwa hiyo faida yake iko kwenye mpito wa pili na wa tatu. Mkulima hulipwa na mche uliotoka. Kwenye luseni mpito mmoja wa haro, wa kukata mteremko na si wa kupanda na kushuka, hutosha karibu kila mara. Kwenye itogolo mpito wa pili unaweza kuhitajika, lakini tabaka gumu chini yake haliondolewi na mpito wa kumi. Linaondolewa na ripa, mara moja kwa miaka michache. Kwenye mbuga, mpito wa pili uliochelewa siku tatu ni kazi bure.

Kwa anayenunua zana moja ya kufanyia biashara kutokea Buswelu, jibu ni haro ya kubeba ya diski 18 au 20, yenye mapengo mbele na mviringo nyuma, yenye walau kilo 30 kwa kila diski, na pembeni yake boriti ya reli iliyochomelewa hapahapa mjini. Viwili hivyo vinashughulikia sehemu kubwa ya kazi za Ilemela, na kimoja kati yake hakihitaji kipuri kutoka ng'ambo. Anayeishi kwa pamba na mpunga wa Magu na Kwimba atafute haro nzito ya kukokota, na rotaveta aikodi kwa siku za majaruba. Reki ya kununua inamfaa mkandarasi wa viwanja mwenye kazi mwaka mzima. Shule inayotaka kusawazisha uwanja mmoja ikodi, au iburuze boriti asubuhi baada ya mvua. Mwenye shamba lililojaa sangari ndiye pekee mwenye sababu nzuri ya kusaka meno ya springi, na kwake gharama hiyo ni halali. Mwenye heka mbili au tatu asinunue chochote: akodi, na asimame shambani kuhesabu mipito.

Ushauri huu una upungufu mmoja ambao hakuna haro inayouondoa. Shamba lililosawazishwa kwenye mteremko bado linahitaji kitu cha kuzuia maji. Anayepiga haro na kuondoka bila makinga maji, bila matuta na bila masalia juu ya udongo anaupeleka Ziwa Victoria udongo wake mwenyewe.

Waandaaji wa maonyesho ya Nyamhongolo nao wana la kufanya, na si gumu: watenge kipande cha luseni na kipande cha mbuga, wauzaji wafunge zana zao na kufanya kazi mbele ya watu. Majaribio ya zana za kilimo ni jukumu ambalo CAMARTEC ya Arusha, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, imepewa na sheria. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama zana anayouziwa imepimwa na matokeo yalikuwaje. Zaidi ya hapo amwulize muuzaji maswali matatu: haro ina kilo ngapi kwa kila diski, beringi zake zinapatikana duka gani Mwanza, na kama yuko tayari kuijaribu kwenye shamba la mnunuzi kabla ya malipo. Asiyeweza kuyajibu yote matatu asipewe fedha.